Zege Halilali, Lakini Nondo Chafu Usizizike

Juzi msomaji mmoja wa Kigamboni alinitumia picha WhatsApp, saa ambazo watu wenye amani huwa wameshalala. Anajenga tangi la maji la chini ya ardhi. Nondo zimefungwa, mbao za upande mmoja zimesimama, na katikati ya mbao na nondo kuna weusi unaong'aa. Ujumbe ulikuwa mfupi: "Dada, habari za kazi. Fundi kapaka oili chafu kwenye mbao, nyingine imerukia nondo. Zege ni kesho asubuhi. Ukuta utaanguka?"

Nikamjibu: "Hautaanguka kaka. Utavuja. Ahirisha zege."

Hilo la kuahirisha ndilo lililomchoma. Mashine ya kuchanganyia keshaikodi, vibarua keshawapa kianzio, kokoto zimemwagwa mpaka barabarani na majirani wameanza kununa. Akapiga simu, tukaongea sana, na nilipokata nikaona niliyomwambia yeye peke yake yanawahusu wengi wenu mnaosoma hapa. Nawajua. Mnataka nyumba yenye besimenti, mnataka tangi la kuwavusha mgao wa maji ukianza, na wengine mmenunua kiwanja cha mteremko Goba au Madale kwa sababu bei ilikuwa nafuu, sasa mmegundua kuwa bei iliyobaki mtailipia kwenye ukuta wa kuzuia udongo. Hakuna aibu hapo. Sote tunatafuta pa kukaa pazuri.

Mimi ni fundi sanifu wa ujenzi. Si injinia, ingawa saiti huniita "dada injinia" wakiwa na kitu wanataka niwapitishie. Nilisoma chuo cha ufundi cha VETA, nikabeba ndoo, nikafunga ringi mpaka vidole vikaota sugu. Hayo nayaruka, hayana mvuto hata kwangu mwenyewe. Kazi yangu ya siku hizi ni ukaguzi kabla ya zege. Nainama, namulika tochi katikati ya nondo, naandika kwenye daftari, kisha nasaini au nakataa kusaini. Kukataa kusaini ndiko kulikonipa jina ambalo silipendi, na nitawaeleza lilivyopatikana.

Ilikuwa Goba. Ukuta wa zege wa kuzuia udongo, nyuma ya nyumba ya ghorofa, wa kimo cha mita 3 hivi. Msingi wa ukuta ulimwagwa kabla ya masika, stata, yaani nondo zinazotoka kwenye msingi, zikaachwa zimechomoza tayari kwa kuungwa na za ukuta. Mwenye nyumba akaishiwa hela, kazi ikasimama. Wanaojenga kwa kudunduliza mnaelewa. Mvua zikaja, na kila tone lililopiga ule udongo mwekundu lilirusha tope kwenye nondo. Tope la namna hiyo halipandi juu sana, huishia usawa wa magoti. Jua likawaka, likakauka, mvua nyingine ikaongeza tabaka. Hela ilipopatikana na sisi tukarudi saiti, sehemu ya chini ya kila stata ilikuwa imegandwa na udongo kama samaki aliyepakwa unga akisubiri mafuta yachemke.

Sasa angalia kilichofuata. Mafundi nondo walikuja na nondo mpya za milimita 12, wakazisimamisha na kuzifunga kwenye stata zile zile, juu ya lile tope. Sehemu hiyo ambapo nondo ya chini na ya juu zinapishana ndipo ukuta mzima unapoungana na msingi wake. Mafundi wengi hukadiria mpishano kuwa mara 40 hadi 50 ya kipenyo, kwa hiyo nondo ya 12 inapishana kama sentimita 50 hadi 60. Ukipima kutoka usawa wa msingi, sentimita 60 zinaishia wapi? Magotini. Tope limepaka mahali pale pale ambapo nondo moja inatakiwa kuikabidhi nyenzake mzigo. Na ukuta wa kuzuia udongo, tofauti na nguzo, mzigo wake mkubwa uko chini kabisa, maana udongo wa nyuma unausukuma na wenyewe umesimama kwa kushikiliwa miguu. Kwa hiyo pabaya pa kuchafuka na pabaya pa kukosa nguvu ni mahali pamoja. Hili watu wachache sana hulifikiria.

Mafundi mbao nao wakafuata. Walisimamisha upande wa kwanza, wakakata mbao za kubania hapo hapo juu, na maranda yote yakawa yanadondoka kati ya nondo. Kisha mmoja akachukua kopo la rangi lililojaa oili chafu, ile ya gari iliyotumika inayopakwa ili zege lisigande kwenye mbao, akaanza kupaka plaiwudi kwa brashi akipenyeza mkono katikati ya nondo zilizokwisha kufungwa. Mkono hauingii vizuri, brashi inagonga nondo, oili inachuruzika mpaka chini kwenye kika, yaani kile kiukuta kifupi kinachomwagwa pamoja na msingi ili mbao zipate pa kubana. Jioni wakafunga upande wa pili, wakaenda zao.

Asubuhi ya zege nikafika na tochi yangu. Ukuta ukishafungwa pande zote mbili huoni kitu, unachungulia kwa juu tu, na mita 3 chini ni giza. Nilimulika. Nikaona kitu cheupe kimelala chini, na baada ya kukazia macho nikajua ni karatasi ya mfuko wa saruji. Pembeni yake maranda. Stata nilikuwa nimeziona jana yake kabla hazijafungiwa. Nikaomba wang'oe ubao mmoja wa chini kila baada ya mita kadhaa tuoshe na kutoa uchafu. Nikaandika mambo matatu kwenye daftari: tope kwenye mpishano, takataka chini ya ukuta, oili kwenye nondo na juu ya kika. Sikusaini.

Mkandarasi alinitazama kama mtu anayemhurumia mgonjwa. "Dada, zege halilali." Vibarua wakacheka, kwa sababu wote tumekua na msemo huo na hakuna anayeubishia. Akaendelea: nondo zina mbavu, ile mistari iliyoinuka juu yake, oili haizifanyi kitu. Tope litaoshwa na zege lenyewe likishuka. Karatasi ni karatasi tu. Akampigia simu mwenye nyumba, akaniwekea sauti nisikie. Mzee wa watu akasema, "Mwanangu, waache wamalize, gharama zimeshanielemea." Karatasi ya ukaguzi ilisainiwa na mtu mwingine, na mimi nikaambiwa kesho nisihangaike kuja.

Nilichukua bodaboda nikamwambia dereva anizungushie njia ya mbali, nisipite mbele ya ule ukuta nikasikia mashine inavyonguruma. Na jina likaanzia hapo: Mama Brashi. Ujenzi ni mtaa mmoja, habari inasafiri kwenye malori ya kokoto. Mpaka leo kuna saiti nikiingia mtu anajikohoza, mwingine anajifanya anasugua nondo hewani. Nacheka nao. Lakini ukweli ni kwamba linaniuma, na linaniuma zaidi kwa sababu fundi mwanaume akikataa kusaini anaitwa mkali. Mimi nikikataa, nimekuwa mama wa brashi.

Masika iliyofuata ukuta ulianza kutoa jasho. Kwanza mstari wa unyevu kwenye kiungio cha msingi na ukuta, ulionyooka kama umepigwa kwa uzi. Halafu michirizi ya rangi ya chai. Mzee akanipigia mwenyewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Njoo unitazamie ule ukuta."

Nitaungama kitu hapa, na mnisamehe. Nilifurahi. Mzee wa watu anaona maji yanaingia nyuma ya nyumba aliyoijenga kwa kiinua mgongo chake, na mimi moyoni naimba. Nimeshaomba toba kwa hilo, lakini sitawadanganya kuwa halikutokea.

Tulichimba kwa tindo na nyundo kwenye mstari wa maji, taratibu, sehemu ndogo ndogo. Nitawaeleza tulichokikuta, maana ndicho kilichonifanya niandike makala hii badala ya kulalamika tu. Ile karatasi ya saruji ilikuwepo, imebanwa, na nyuma yake uwazi wa kuingia ngumi. Maranda yalikuwa yamejilundika pembeni ya kika, na zege la hapo lilikuwa linavunjika kwa vidole. Zile stata zilizokuwa na tope tulizifunua mbili tatu: udongo ulikuwa umejaza nafasi za kati ya mbavu, na zege lililozunguka limeacha alama laini, bila mikunjo ya mbavu. Yaani zege lilishika udongo, na udongo ulishika nondo, na hivyo viwili havikuwa na deni la kushikana. "Litaoshwa na zege lenyewe" haikutokea. Zege linaposhuka halioshi, linakandamiza.

Na oili? Hapo nitasema kitu ambacho baadhi ya wasimamizi wenzangu hawatakipenda. Mahali nondo yenye mbavu ilipokuwa na matone ya oili, zege lilikuwa limechora mbavu vizuri kabisa. Nondo yenye mbavu hushikana na zege kwa kugandana, kwa msuguano, na kwa mbavu kujikita ndani ya zege, na hilo la mwisho ndilo linalobeba sehemu kubwa ya kazi. Oili kidogo inaharibu kugandana, lakini mbavu bado zipo. Mkandarasi hakukosea kwa hilo, na inaniuma kuliandika. Nondo laini, kama zile nyembamba za milimita 6 wanazokunjia ringi, hazina mbavu za kuziokoa. Hizo zikilowa oili ni habari nyingine.

Lakini juu ya kika palipokuwa na dimbwi la oili, zege jipya lilibanduka likiwa zima, halikuacha hata punje kwenye zege la zamani. Hapo ndipo maji yalipopata njia. Kwa hiyo kumbe ule ugomvi wote wa "oili haifanyi kitu" ulikuwa unaangalia nondo peke yake, na maji hayapiti kwenye nondo, yanapita kwenye kiungio. Mambo yangu matatu yote yalikuwa kwenye daftari, na tarehe. Nilimwonyesha mzee ukurasa. Hakusema kitu, alinimiminia chai.

Marekebisho yalikuwa marefu na sitawachosha nayo. Kuchimbua kipande kwa kipande ili ukuta usije ukalala, kuosha, kujaza upya kwa saruji maalumu isiyosinyaa, kufungua njia za maji kutoka nyuma. Mkandarasi yule hajawahi kuniambia pole. Tunakutana dukani kwa nondo, ananisalimia vizuri tu.

Sasa nasaha. Na msinitegemee niwape orodha ndefu, kwa sababu jambo lenyewe ni moja: usafi wa nondo za ukuta unaamuliwa na mpangilio wa kazi. Brashi ya waya niliyopewa jina lake ni ya mwisho kabisa. Nani anatangulia, nani anafuata, nani anafunga lini. Ukishakosea utaratibu hakuna mkono wa binadamu utakaofika chini ya ukuta wa mita 3 wenye nondo za matabaka mawili ukasugue.

Anza na mbao. Zipakwe zikiwa zimelala chini, mbali na nondo, kabla ya kusimamishwa. Kisha zifutwe kwa tambara. Pitisha kidole: kiache alama, lakini kisitoke kinachuruzika. Ikichuruzika ni nyingi, na yote itakayozidi itakwenda kukaa kwenye kika. Upande wa kwanza usimame ukiwa umeshapakwa, ndipo nondo zifungwe, ndipo upande wa pili nao uliopakwa chini uletwe. Na kama mfuko unaruhusu, achana na oili chafu, nunua mafuta yaliyotengenezwa kwa ajili ya mbao za zege, yanauzwa kwenye maduka ya kemikali za ujenzi. Oili ya gari iliyotumika inaacha zege na madoa, plasta na dawa ya kuzuia maji vinagoma kushika juu yake, na ina sumu ambazo fundi anayepaka kwa mkono mtupu hazioni. Najua ni ya bure kule gereji. Ndiyo maana inapendwa.

Kama imeshamwagika kwenye nondo kama ya huyu ndugu yetu wa Kigamboni, futa kwanza kwa tambara kavu, kisha tambara lenye thina kidogo, kisha maji ya sabuni ya unga, na mwisho maji safi mengi. Usimwage petroli humo. Kuna mbao, kuna fundi anavuta sigara, usitake kuona. Juu ya kika pachongwe kwa tindo mpaka kokoto zionekane, oili yote iondoke na lile tabaka laini la juu. Kazi ya kika msiiache hata mkichoka.

Stata zisafishwe kabla nondo mpya haijafungwa juu yake. Kabla. Sio baada. Tope bichi huondoka kwa maji ya bomba na brashi ya plastiki, tope lililokauka linataka waya. Saruji iliyorukia nondo siku ya kumwaga msingi haihitaji hofu kubwa: gonga nondo kwa nyundo ndogo, ile inayopukutika iondoe, ile iliyoganda barabara iache, itashikana na zege jipya. Afadhali zaidi, siku ya kumwaga msingi zivike stata viroba vitupu, na siku hiyo hiyo zege likiwa bado bichi pitisha maji na brashi. Dakika chache zile zinaokoa siku nzima ya mbele.

Na acheni mlango. Kila ukuta wa zege uachiwe kidirisha chini ya mbao, cha kuingiza mkono na mpira wa maji, kila baada ya mita chache na kwenye kona zote. Hapo ndipo maranda, vipande vya waya, misumari, karatasi, maganda ya ndizi na chupa za maji vinapotokea. Ndiyo, maganda ya ndizi. Nimewahi kutoa pia kandambili ya mguu wa kushoto, mwenyewe akakana. Ukishaosha na kumulika, kidirisha kinafungwa dakika za mwisho, zege likiwa tayari linachanganywa. Ukuta usio na mlango sisaini, na sijali wataniita nani.

Kutu ndiyo inayoulizwa kuliko vyote, na ndiyo inayowatisha watu bure. Vumbi jembamba la rangi ya kahawia kwenye nondo halina neno, na wala halipunguzi mshiko. Kutu ya kuogopa ni ile ya magamba, unakunja nondo inapukutika, ukiisugua unakuta vishimo. Kiwango cha Uingereza cha BS 8110, kilichoondolewa huko kwao mwaka 2010 lakini ambacho wahandisi wetu wengi wamesomeshwa nacho, kilitaka nondo isiwe na tope, mafuta, rangi, grisi wala kutu iliyolegea, tena kilitaja mpaka theluji na barafu, ambazo tuwaachie wenyewe. Neno ni "iliyolegea". Wamarekani kwenye kiwango chao cha zege, ACI 318, wanakubali nondo yenye kutu mradi ikishasuguliwa kwa brashi ya mkono vipimo na uzito wake viwe bado vinatosha. Na huo uzito unaweza kuupima mwenyewe. Kata mita 1 ya nondo ya milimita 12, isugue, ipeleke kwa muuza nyama akupimie. Inatakiwa iwe na gramu 888. Nondo ya 16 ni kilo 1 na gramu 580 kwa mita. BS 4449, kiwango cha Uingereza cha nondo, inavumilia pungufu ya asilimia 4.5 kwa nondo zilizozidi milimita 8, kwa hiyo hiyo ya 12 ikishuka chini ya gramu 848 hivi, mwite injinia wako. Utashangaa. Wakati mwingine kutu haina kosa lolote, nondo ilikuwa nyembamba tangu dukani.

Wa Kigamboni, wa Tanga, wa Unguja na Pemba, wa Mombasa, nyinyi mna adui mwingine asiyeonekana kwa tochi. Zege lenyewe lina ukali wa alkali, pH yake hufika 12 hadi 13, na ukali huo huipa nondo ngozi nyembamba inayoizuia kushika kutu. Chumvi huitoboa ngozi hiyo. Kutu ikianza ndani ya zege inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, mara 2 mpaka 6, na zege linapasuka kutokea ndani. Nondo zilizokaa miezi ufukweni zioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kabla ya kufungwa, hata kama zinaonekana safi. Na hapa ndipo watu wanapoharibu: wanaziosha kwa maji ya kisima. Visima vingi vya Dar karibu na bahari vimeingiwa na chumvi. Onja. Maji ambayo huwezi kupikia chai usioshee nondo wala kuchanganyia zege.

Anayebisha afanye hesabu na mimi. Kiwango cha kawaida cha Ulaya kwa zege lenye nondo ni kloridi, ile sehemu ya chumvi inayokula chuma, isiyozidi asilimia 0.4 ya uzito wa saruji. Mfuko wa kilo 50 unaruhusu gramu 200, ukijumlisha iliyotoka kwenye mchanga, kokoto, maji na saruji yenyewe. Maji ya bahari yana kloridi kama gramu 19 kwa lita. Ukichanganya mfuko mmoja kwa lita 25 za maji ya bahari, umeshaweka gramu 475 kabla hujagusa mchanga. Mchanga wa pwani usiooshwa nao una yake. Kuna watu wanasema babu zao walijengea mchanga wa bahari na nyumba zimesimama. Babu zao walijengea mawe na chokaa. Hakukuwa na chuma ndani cha kuliwa.

Halafu nondo zisigusane na mbao wala udongo. Vile vitofali vidogo vya saruji vya kuachanisha viwepo, na vifungwe. BS 8110 ilitaka milimita 75 za zege kati ya nondo na udongo ikiwa zege limemwagwa moja kwa moja juu ya ardhi, au 40 ikiwa kuna tabaka la zege la usafi chini. Nondo ikilala kwenye tope la mtaro, hata ungeisugua kwa mswaki, usiku huo huo imerudi ilikotoka.

Wenye nyumba, sasa nawasema nyinyi. Mafundi mnawatukana sana kwa uzembe, na wengine wanastahili. Lakini niambieni, kwenye makubaliano yenu na fundi ni mstari upi unaolipia usafi wa nondo? Fundi nondo analipwa kwa kufunga. Fundi mbao analipwa kwa kusimamisha. Kundi la zege linalipwa kwa kumaliza, ndiyo maana linakuja limevaa haraka. Katikati yao kuna nusu siku isiyo na mwenyewe, na uchafu wote wa ukuta wako unaishi kwenye nusu siku hiyo. Mnanunua marumaru za Hispania, mnagoma kulipa vibarua wawili wa kuosha stata. Mnalala saiti kulinda mifuko ya saruji isiibiwe, siku ya ukaguzi mko kwenye harusi. Mzee wa Goba alikuwa mtu mwema na ukuta wake ulivuja vile vile.

Basi andikeni. Kwenye karatasi ya makubaliano, baada ya bei ya kufunga nondo na kabla ya bei ya zege, wekeni kipengele cha kusafisha na kuosha, na kiasi chake cha pesa. Kiseme kabisa kwamba upande wa pili wa mbao haufungwi mpaka mwenye nyumba au msimamizi wake apite na tochi, na kwamba zege halianzi kama vidirisha vya chini havijafunguliwa na kuoshwa siku hiyo hiyo. Pesa hiyo isiunganishwe na malipo mengine, na isipitie kwa mkandarasi. Mpeni mkononi yule aliyeingiza mkono kwenye kidirisha, mkishaona maji yanayotoka kwa chini yametoka meupe.